Tuliandikwa: kuzisoma hotuba za pole, kuanzia Mwakata

Nianze na neno ambalo limenikera tangu mwaka 2015: wahanga.

Usiku wa Machi 3 mwaka huo, mvua ya mawe yenye upepo ilishuka kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, mkoa wa Shinyanga. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao ndani ya nyumba zao wenyewe, chini ya kuta za matofali mabichi zilizolowa, zikalegea, zikawaangukia. Siku zilizofuata redio na magazeti yakaimba wimbo mmoja: wahanga wa Mwakata, wahanga wa Kahama, misaada kwa wahanga.

Sasa, mhanga ni nani? Tunasema mtu amejitoa mhanga, yaani amekubali kupotea kwa ajili ya jambo kubwa kuliko yeye. Mhanga ni kafara. Kafara huwa na anayeitoa na anayetolewa, na huwa na sababu. Wale waliolala Mwakata usiku ule walitolewa na nani, kwa sababu ipi? Neno halisemi. Najua mtanijibu kwamba lugha hutembea, kwamba leo mhanga ni yeyote aliyepatwa na janga, na kamusi zitakubali tu. Sawa. Ila kuna waathirika, kuna waathiriwa, kuna wafiwa, kuna manusura. Katika maneno yote hayo tukalichagua lile linalofanya kifo kionekane kama mchango wa marehemu kwa taifa. (Mhanga pia ni mnyama, yule wa masikio marefu anayechimba mashimo usiku na kula mchwa. Kwa watu wa ukanda wetu wa dhahabu, angalau maana hiyo ingetukaa vizuri.)

Hapa tumezoea kusoma vitabu. Leo naomba tusome kitu ambacho hakiuzwi dukani lakini kila Mtanzania amekisikia mara nyingi kuliko riwaya yoyote: hotuba ya pole. Ile inayotolewa na kiongozi aliyeshuka kwenye gari, amevaa buti za mvua ambazo bado zina alama ya bei, mbele ya watu waliokaa chini. Nadai kwamba hii ni fani kamili, ina kanuni zake kama utenzi ulivyo na vina na mizani, na kwamba hasira ya watu wetu kila mafuriko yanapokuja ni hasira ya wasikilizaji wanaoijua fani hiyo kuliko hata wanaoitoa. Hawakasiriki kwa sababu hawaelewi. Wanaelewa sana.

Angalia inavyofunguka. Kwanza Mungu. Mungu huja mapema, kabla hata ya salamu haijapoa, na huja na kazi maalumu, ile ya kuichukua mvua. Mvua ni yake, hatuna la kusema. Halafu inakuja "isiyo ya kawaida". Mvua kubwa isiyo ya kawaida. Nimeisikia masika na masika, na kila mara nimejiuliza ni lini jambo linalorudi litapewa hadhi ya kuwa la kawaida. Halafu takwimu: kaya kadhaa, magunia kadhaa, mablanketi kadhaa. Halafu agizo, na agizo huwa kwa wasikilizaji: hameni, msijenge mabondeni, chukueni tahadhari. Tahadhari! Hili neno nalipenda kwa jinsi lilivyo tupu. Wanasema uichukue, lakini haina mpini. Mtu wa Kahama mwenye nyumba ya matofali mabichi, saa nane za usiku, tahadhari anaichukulia wapi, dukani kwa nani?

Mwisho ndipo penye ufundi wenyewe, na ufundi huo uko kwenye vitenzi. Sikiliza: suala hili litaangaliwa. Nyumba zitajengwa. Tathmini inafanyika. Misaada imepokelewa na itagawiwa. Kiswahili kimetupa mnyambuliko wa kutendwa kwa ajili ya mambo mengi mazuri, kwa mfano kuficha jina la mtu aliyevunja sahani. Kwenye hotuba ya pole, mnyambuliko huo umekuwa nguzo ya jengo zima. Hakuna anayefanya. Mambo yanafanyika. Ukitafuta nafsi unaikuta moja tu, "Serikali", ambayo ina kiambishi i-, kama meza, kama nyumba. Serikali imesikitika. Serikali iko pamoja nanyi. Ukitaka kuishika mkono, huna pa kushika.

Lakini ngoja. Wananchi nao wameujibu mnyambuliko huo, tena kwa neno moja. Neno hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Nina mjomba anayeishi nje kidogo ya mji wa Kahama. Miaka kadhaa baada ya Mwakata, ukuta wa nyumba yake wa upande wa jua kuzama ulidondoka kwa mvua ya usiku mmoja. Hakufa mtu, mbuzi mmoja tu. Nilimpigia simu baada ya wiki mbili nikamuuliza, mjomba, vipi, mmepata msaada wowote? Akajibu: "Tuliandikwa." Nikasubiri aendelee. Hakuendelea. Baada ya mwezi nikauliza tena: "Tuliandikwa tena, mwanangu." Nilipokwenda mwenyewe akanipa hadithi nzima. Mara ya kwanza aliandikwa na mwenyekiti wa kitongoji kwenye kaunta buku. Mara ya pili mtendaji, kwenye karatasi yenye jedwali. Mara ya tatu vijana watatu waliovaa vizibao vinavyong'aa, wakampiga picha amesimama mbele ya ukuta ulioanguka, wakamwomba asicheke. "Mimi ni namba 61," akasema. Alisema kama mtu anayetaja cheo chake.

Tuliandikwa. Kutendwa, wakati uliopita, nafsi ya wingi, aliyeandika hayumo. Ni sarufi ileile ya hotuba, imerudishwa kwa mwenyewe. Kiongozi anasema "mtasaidiwa", mwananchi anajibu "tuliandikwa", na kati ya -ta- na -li- hiyo kuna miaka. Mkiuliza kwenye vijiwe vya ukanda huu, Isaka, Kakola, Katoro, Nyarugusu, mtalisikia kwa mkazo uleule: silabi ya tatu inavutwa, na kichwa kinainamishwa upande. Mshairi gani angeweza kusema zaidi kwa kitenzi kimoja?

Turudi Mwakata, maana kuna jambo la mahali ambalo hotuba zote za 2015 zililipita. Mwakata iko Halmashauri ya Msalala. Mgodi wa Bulyanhulu nao uko Msalala. Tangu mwaka 2001 mgodi ule unatoa dhahabu kutoka chini ya ardhi ya halmashauri ambayo watu wake walikufa kwa kukosa ukuta uliochomwa moto. Sisemi kwamba mgodi ulileta mvua, usinielewe vibaya. Migodi hulipa halmashauri ushuru wa huduma kutokana na mapato, na baadaye, tangu 2017, sheria ikaitaka iwe na mipango ya kuhudumia jamii inayokubaliwa na halmashauri. Pesa zina njia yake na watu wake wa kuzihoji. Ninachosema ni cha msomaji tu: katika hotuba ya pole, dhahabu haitajwi. Mungu anatajwa, mvua inatajwa, bonde linatajwa hata pale ambapo ni tambarare tupu. Kile kinachoitambulisha ardhi hiyo kwa dunia nzima kinanyamaza. Kwenye uchambuzi wa riwaya tungesema mwandishi amekificha kitu. Hapa tunasema ni itifaki.

Na wachimbaji wenyewe wana namna nyingine ya kusema. Duara likibomoka, watu wa pale hawaanzi na Mungu, ingawa ni wacha Mungu na wengine ni wacha waganga pia. Wanaanza na matimba. Matimba yalikuwa ya nani? Nani aliyaweka, mti gani, yaliwekwa lini? Kwa sababu kila anayeshuka anajua kwamba ardhi haishikiliwi na sala peke yake, inashikiliwa na miti iliyopigwa na mtu mwenye jina. Mwaka uleule wa 2015, mwezi Novemba, wanaume watano walitolewa hai kwenye mgodi wa Nyangalata, Kahama hukohuko, baada ya siku 41 chini ya kifusi. Magazeti yaliwaita manusura. Unaona? Waliotoka ardhini walipewa neno la kusimama. Wa Mwakata, waliobaki hai pia na nyumba hawana, wakaendelea kuitwa wahanga.

Ni lazima niwe mkweli kuhusu pole yenyewe. Kuna wasomi wenzangu wanaoidharau, wanaona ziara ya kiongozi msibani ni maigizo tu. Mimi sioni hivyo. Kwetu, asiyekuja msibani amesema kitu kibaya kuliko tusi. Rais Jakaya Kikwete alifika Kahama siku chache baada ya mvua ile, na Mama Samia alikatisha safari yake ya mkutano wa tabianchi Dubai mwaka 2023 baada ya tope la mlima Hanang kuufunika mji wa Katesh tarehe 3 Desemba na kuua watu zaidi ya 80. Kufika ni kitu. Mfiwa anahesabu nani alikuja. Na kule Hanang, tuseme ukweli, kitenzi cha wakati ujao kilipata mwenzake wa wakati uliopita, kwani nyumba zaidi ya 100 zilijengwa kwa waliopoteza makazi. Ukiwa mhakiki wa haki huwezi kuiruka hiyo, hata kama inaharibu hoja yako.

Tatizo langu ni namna ya kukaa. Msibani mtu hukaa chini. Hukaa mkekani, kimya, muda mrefu kuliko inavyohitajika. Maneno ni machache na mengine hayana maana yoyote: pole, ndiyo hivyo, tutafanyaje. Hotuba ya pole inachukua neno la mkekani inalipandisha jukwaani, inalipa kipaza sauti na mshereheshaji. Nimewahi kusimama kwenye mkusanyiko mmoja wa namna hiyo ambapo watu waliokuwa wamezika juzi waliombwa wapige makofi kumkaribisha mgeni, na wakapiga. Mama mmoja mbele yangu alikuwa amefungwa bandeji mkono wa kulia, akapiga paja kwa mkono wa kushoto. Pole ya jukwaani inamtaka mfiwa amhudumie mtoa pole. Na 2015, msisahau, ulikuwa mwaka wa uchaguzi.

Sasa twende kwenye hotuba iliyovunja kanuni zote. Septemba 10, 2016 tetemeko liliipiga Bukoba, ng'ambo ya pili ya ziwa ukiwa Geita. Najua tetemeko si mafuriko, ila fani ni ileile. Mwezi huohuo watendaji wawili wa juu wa serikali mkoani Kagera walitenguliwa kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na la mfuko wa maafa. Kisha mwanzoni mwa Januari 2017 akaja Rais John Magufuli, mtoto wa Chato, mkoa wa Geita, jirani kabisa. Akawaambia watu wa Bukoba, kwa lugha isiyo na pamba, kwamba serikali haikuleta tetemeko na haitamjengea kila mtu nyumba, itarekebisha taasisi za umma kama shule, na wao wafanye kazi.

Watu waliumia, na haki yao. Walikuwa wamesikia nchi nzima ikichangishwa kwa jina lao. Kuna waliosema hapo ndipo walipomjua. Lakini kama msomaji nina ungamo ambalo huenda litanipotezea marafiki: katika hotuba zote za maafa nilizosikiliza maishani, ile ndiyo pekee niliyoweza kuonyesha kwa kidole nani anasema na anakataa nini. Ilikuwa na kiima. Ilikuwa na kitenzi cha kutenda, kikakanushwa waziwazi. Ukatili wake ulikuwa na jina na anwani, na kwa hiyo ungeweza kujibiwa, ungeweza kubishiwa, na ulibishiwa miaka mingi kwenye daladala, vilabuni na misibani. Hotuba laini huwezi kuibishia. Utabishana vipi na "litaangaliwa"?

Sisemi ni bora. Mtu mwenye njaa hahitaji sarufi. Nasema tu kwamba tumezoeshwa kuchagua kati ya upole usio na mtu na mtu asiye na upole, na fasihi yetu inajua namna ya tatu.

Namna ya tatu naipata kwenye ngano ambayo watoto wa Kisukuma wengi wameisikia kabla ya kujua kusoma, ya Shing'weng'we na Masala Kulangwa. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote, mifugo yote, likabakiza mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye lundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto alipokua akauliza watu wako wapi, akaambiwa, akaanza kuwinda. Anarudi na panzi: mama, huyu ndiye? Siye. Anarudi na ndege: huyu? Siye. Ile sehemu bibi yangu aliivuta mpaka tunasinzia. Hatimaye analiua zimwi lenyewe, analipasua tumbo, watu wanatoka, ng'ombe wanatoka, kijiji kizima kinarudi duniani. Hadithi nyingi za mashujaa zingeishia hapo, kwa vigelegele.

Ngano yetu haiishii hapo. Wakati wa kupasua, kisu kilimkata bibi kizee mmoja sikio. Na bibi kizee yule, aliyekuwa tumboni mwa zimwi dakika moja iliyopita, alikasirika! Hakusema asante, nimeokolewa, sikio si kitu. Alimkasirikia mwokozi wake kiasi cha kutaka kumroga. Na ngano haimcheki, haimwiti mtovu wa shukrani. Masala Kulangwa analazimika kutafuta dawa, kumponya, kuyamaliza naye. Baada ya hapo ndipo watu wanamfanya mtemi.

Nimeifikiria sana ile tafsiri ya sikio. Kuna wanaoipeleka kanisani, na wana haki yao. Mimi naiona kama katiba. Inasema aliyeokoa watu wote bado anadaiwa sikio moja, na hatawali mpaka alilipe. Hasira ya aliyeokolewa ni halali. Linganisha na tunavyoambiwa leo mtu akilalamika kwamba unga wa msaada ulikuja na wadudu au jina lake limerukwa: hana shukrani, anatumiwa, analeta siasa kwenye maafa. Bibi kizee wa ngano angekuwa Kahama leo angeitwa ofisini ahojiwe.

Watemi wenyewe wa Usukuma walikuwa na mkataba mgumu kuliko huo. Mvua ilikuwa kazi yao. Isiponyesha walidaiwa, na walikuwepo walioondolewa kwenye kiti kwa sababu ya ukame. Sisi wa kisasa tunacheka, mtu atawajibikaje kwa mawingu? Lakini angalia hoja ilivyo: wao walimtwisha mtawala hata kile asichokiweza, sisi tumemtua hata kile anachokiweza. Mvua tumempa Mungu, na pamoja na mvua tumempa Mungu mitaro, madaraja, makalavati, na ukuta wa mjomba wangu.

Aprili 25, 2024, baada ya mvua za El Nino, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini. Kwenye sababu alizozitaja zilikuwemo ukataji miti, kilimo cha kuchoma misitu na malisho yasiyodhibitiwa. Nilisoma taarifa ile nikiwa na penseli, maana hatimaye watendaji walikuwa wametokea kwenye sentensi. Wakata miti, wachoma misitu, wachungaji. Basi kumbe Kiswahili cha serikali kinaweza kutaja anayetenda! Kinaweza, ila anayetajwa ni yuleyule aliyekaa chini anasikiliza.

Na Shinyanga hoja hiyo ya miti ina historia yake. Chini ya ukoloni wa Waingereza, kuanzia miaka ya 1920, watu wa huku walitolewa kwenda kufyeka mapori ili kupiga vita mbung'o. Pamba nayo ikadai mashamba yake. Baadaye serikali huru ikaja na operesheni ya vijiji, ikawaambia watu hapa msikae, kaeni pale, na Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, akaiandika habari ya vijiji hivyo kwenye Gamba la Nyoka. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI wa kurudisha miti, na wakulima wakafufua ngitili zao, desturi ya mababu ya kutenga malisho ili majani na miti irudi. Kwa hiyo unapomwambia mzee wa Shinyanga "mlikata miti, hameni", unaongea na mtu ambaye ukoo wake umeamriwa kufyeka, ukaamriwa kuhama, ukaamriwa kupanda, na kila amri ilikuja na gari. Anakuangalia tu. Baadaye jioni atasema neno moja kwa mkewe.

Kwa nini hatuna kitabu juu ya haya? Tuna fasihi ya magofu. Al-Inkishafi ilitembea ndani ya majumba ya Pate yaliyobomoka, ikaona popo na buibui pale palipokuwa na taa. Lakini Pate walijenga kwa mawe. Jumba la mawe likifa linabaki limesimama miaka, mshairi ana muda wa kuja. Nyumba ya tofali bichi ikianguka inarudi kuwa udongo masika hiyohiyo, na msimu unaofuata mtu amepanda mahindi juu yake. Nilipita Mwakata miaka ya karibuni nikitafuta, kwa ushamba wangu wa kusoma vitabu, mahali pa kusimama na kutafakari. Hakuna gofu. Kuna mahindi, kuna bati mpya zinazomwekamweka, kuna watoto wanaosema mwangaluka kwa kila gari linalopita.

Shaaban Robert alikwishaliona tatizo la ushahidi, mwaka 1951. Kusadikika ni nchi inayoelea angani, na wajumbe wake sita walitumwa nje kutafuta mambo ya manufaa, wakarudi na habari, wakafungwa. Karama anasimama barazani siku sita kuwataja mmoja mmoja, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini, mbele ya Majivuno anayemshitaki. Tulifundishwa shuleni kwamba kitabu kile ni juu ya ukoloni na elimu ya sheria, na ni kweli. Siku hizi nakisoma kama kitabu cha orodha. Karama hana silaha nyingine. Anachofanya ni kukataa majina yabaki majina tu, kila moja analirudishia safari yake, alikwenda wapi, alileta nini, alitendwa nini. Wakati kila mtu anataka hesabu ya jumla, yeye anasoma moja moja kwa sauti, kuchwa kutwa.

Orodha ya Kahama ipo mahali. Nchi imebadilisha sheria ya maafa mara mbili tangu mwaka ule, 2015 na tena 2022, na kila sheria ina kamati zake kuanzia taifa mpaka kijiji, na kila kamati inahitaji taarifa, na taarifa ni orodha. Sina shaka kwamba namba 61 imeingizwa kwenye kompyuta na ina safu yake.

Ukuta mjomba aliujenga mwenyewe. Alikaa miezi minne kwenye karasha, kwa mwenye duara mmoja anayefahamiana naye, akapata za tofali za kuchoma na mifuko saba ya saruji. Mwaka jana nilimkuta anapiga plasta. Nikamwambia, mjomba, sasa si ukawaambie wakufute kwenye kitabu, umeshajenga. Akaacha mwiko, akanitazama kama mtu aliyesikia tusi.

"Wanifute? Mimi niliandikwa."